Hamna lastiki humo, acheni kuvuta

Juzi mama mmoja ameniletea gauni la kulalia la mtoto, bafta nyeupe ambayo kwa umri imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Bibi yake ndiye aliyelishona. Mama yake alilivaa, yeye akalivaa, na sasa anataka binti yake wa miaka minne alilalie. Kabla ya kuja kwangu alikuwa amelipeleka kwa fundi mwingine kwa sababu shingo ilianza kulegea upande mmoja. Fundi akalitazama, akatoa hukumu: "Lastiki imekufa, mama." Akaitafuta hiyo lastiki asiione. Badala ya kujiuliza mbona haionekani, akachukua wembe, akakata mapambo yote ya shingoni, yaani smoki ya mkono ya bibi, vile vikunjo vilivyodariziwa juu, akapitisha mistari minne ya uzi wa lastiki kwa cherehani.

Nililipakata lile gauni kwa muda bila kusema kitu. Hata kukasirika sikukasirika, nilichoka tu. Maana si fundi huyo peke yake. Kila nikitundika gauni la smoki mlangoni, mtu akipita lazima aingize vidole viwili shingoni avute. "Dada, umeweka lastiki ngapi?" Sijaweka. "Sasa itaingiaje kichwani?" Itaingia. "Ikilegea je?"

Basi leo niliandike, nisije nikajibu tena.

Mafundi wengi wakisema smoki wana maana hii: unajaza uzi wa lastiki kwenye bobini, juu unaacha uzi wa kawaida, unapiga mistari sambamba, kitambaa kinajikunyata chenyewe. Kazi ya nusu saa. Sina ugomvi nayo, nami naishona, na madera ya kifua hicho ndiyo yanayonilipia kodi ya fremu. Ila hiyo iite smoki ya lastiki. Smoki yenyewe ni kitu kingine: unafinya kitambaa kiwe vikunjo vidogo vidogo vilivyolingana, unadarizi juu ya vichwa vya vile vikunjo ili visifumuke, ndipo unamalizia kuliunga gauni. Wakulima na wachungaji wa Uingereza katika karne ya 18 na ya 19 walivaa mashati mapana ya kitani yaliyofinywa hivyo kifuani na mikononi, na neno smoki limetokana na jina la shati hilo. Sasa Thomas Hancock wa London alipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya kutumia mpira kwenye glavu, soksi na viatu mwaka 1820. Niambieni, yule mchungaji wa kabla ya hapo aliwekewa lastiki na nani?

Swali la "inavutikaje" hata hivyo ni swali zuri, na ndilo lenye utamu, kwa hiyo hapa nitakaa.

Chukua shingo ya mtoto wa miaka minne. Nataka ikiisha iwe na mzunguko wa inchi 12, ikae bila kubana. Nakata kitambaa ili mzunguko wa shingo, mbele, nyuma na mikono miwili kwa pamoja, uwe inchi 36. Nukta zangu, zile ninazochora kwenye kitambaa kuonyesha pa kufinya, ziko kila robo inchi, na kila nukta inatoa kikunjo kimoja, kwa hiyo nina vikunjo 144. Vikunjo 144 ndani ya inchi 12 ni 12 kwa kila inchi. Zile inchi 24 hazikupotea, zimejificha ndani ya vikunjo zinasubiri kuitwa. Anayeamua zitoke kiasi gani ni uzi wa kudarizi, na uzi huo huamua kwa njia unayopita.

Uzi ukienda mlalo, kikunjo hadi kikunjo, mmoja juu mmoja chini, ule tunaouita kebo, basi umefunga. Hauna pa kurefukia. Vuta uone, utapata robo inchi, ukizidisha unakatika. Mshono wa shina ni hivyo hivyo. Lakini uzi ukipanda ngazi mbili tatu kisha ukashuka, ukapanda tena, huo wimbi, una urefu wa akiba kwenye zile pembe. Ukivuta, pembe zinalala na kitambaa kinafunguka. Mshono wa sega la nyuki, unaoacha vitundu kama vya sega, ndio unaovutika kuliko yote. Ufikirie kama wavu wa banda la kuku: waya wenyewe haurefuki hata kidogo, ila ukiuvuta wavu vile vitundu vinabadili umbo na wavu wote unatanuka. Ukiachia, smoki inarudi. Hairudi kwa kasi ya mpira. Inarudi taratibu, na ikifuliwa inarudi vizuri zaidi.

Mkilielewa hilo, mtaelewa kwa nini nagomba na hata wale wanaoshona smoki ya mkono. Binti ninayemfundisha alinishonea gauni zuri ajabu, mistari sita, yote kebo, imenyooka kama rula. Gauni lilivyovalishwa mtoto likawa kama mtungi: limebana shingo, limebana tena mabegani, halafu tumboni linafura. Hakukosea hata tundu moja la sindano, mpangilio ndio uliomwangusha. Juu kabisa, karibu na shingo, weka kebo au shina, mstari mmoja au miwili, maana hapo hutaki ivutike, mtoto akigeukageuka usingizini shingo isimdondoke begani. Kichwa hakipiti kwa kuvuta, kinapita kwa mpasuo wa mgongoni wenye kifungo. Chini ya hapo wimbi dogo. Chini ya wimbi dogo, wimbi kubwa. Mstari wa mwisho pembe zake zielekee chini, hapo gauni linafunguka kama mwavuli bila kulazimishwa.

Halafu lile la "mara tatu". Kila anayejifunza anakuja nalo kama aya ya kukariri: kitambaa mara tatu ya upana unaotaka. Ni kweli kwa bafta, kwa poplini, kwa kitambaa chepesi cha drafti. Hapa Njombe baridi ya mwezi wa sita na wa saba haichezewi, na wazazi wanataka flaneli. Jaribu kupanga vikunjo 12 vya flaneli ndani ya inchi moja. Havikai! Vinasukumana, vinalala upande, na shingo ya mtoto inakuwa nene kama ngata. Kwa flaneli natumia mara mbili, nikizidisha mara mbili na nusu, na nukta naziweka mbali kidogo. Kwa hiyo shingo ile ile ya inchi 12, kitambaa ni inchi 24 hadi 30.

Ushonaji wenyewe nitapita haraka, maana anayejua kushona mkono wa raglani, ule unaoungwa kwa mshono wa mshazari toka kwapani hadi shingoni, hana kigeni hapa. Mbele, nyuma, mikono miwili. Fua na upige pasi kitambaa kabla ya kukata. Mpasuo wa mgongoni umalize kwanza. Unga mishono minne ya raglani toka kwapani hadi shingoni, ubavuni acha wazi, na mishono hiyo ipunguze iwe myembamba, usipige ovaloki nene, itavuruga vikunjo vyote vinavyopita juu yake. Nukta zichorwe upande wa ndani kwa penseli, katu usitumie biki. Kwa kitambaa cha drafti chenye miraba ya robo inchi, Mungu ameshakuchorea. Piga bandi ya kufinyia, mishono ya muda ya kuvutia vikunjo, mistari saba hivi kwa uzi imara wa rangi tofauti, uzi mmoja kwa kila mstari bila kuunga katikati, anza mistari yote upande mmoja. Vuta zote pamoja, funga mbili mbili.

Mstari wa kwanza wa bandi, ule wa juu kabisa, usiudarizi. Ni wa kukuonyesha pa kushonea bayasi ya shingo, ule ukanda wa kitambaa uliokatwa mshazari. Ukiudarizi, bayasi itakula pambo lako na utanitafuta.

Uzi wa kudarizi una nyuzi sita, tenganisha, tumia tatu. Nyekundu iloweke kwanza kwenye maji kikombeni uone kama inachuja, kabla haijachujia kwenye gauni jeupe la mtoto wa watu. Tafuta katikati ya mbele, kwenye hesabu yetu ni baina ya kikunjo cha 72 na cha 73, anzia hapo ili pambo lilingane pande zote mbili. Sindano iingie mlalo, ichukue kichwa cha kikunjo tu, isizame hadi kwenye bandi. Uzi ukiwa juu ya sindano mshono unashuka, ukiwa chini unapanda, na siri ya wimbi ndiyo hiyo tu.

Ukaze kiasi gani? Hapa ndipo vitabu vinapokuacha njiani. Vinasema "wastani". Mimi humwambia binti wangu vikunjo visimame kama watoto kwenye foleni ya uji, wanagusana mabega lakini hakuna anayemsukuma mwenzake. Maneno mazuri, ila mkono hauyasikii. Nimeshona smoki miaka mingi na bado mistari niliyoshona asubuhi hailingani na ile ya usiku. Siku nikiwa na hasira, inchi 12 inakuwa 11. Nashona kipande cha majaribio kila mara, kinatoka sawa, halafu gauni lenyewe linatoka tofauti. Dawa niliyonayo ni mvuke: kabla ya kutoa bandi nalibana gauni kwa pini kwenye meza ya pasi, shingo duara kwa kipimo ninachotaka, naning'iniza pasi ya mvuke juu yake bila kugusa, naacha lipoe lilivyo. Kosa la nusu inchi linafichika hivyo. La inchi moja halifichiki, fumua. Na msilaze pasi juu ya smoki, jamani, mnazima kazi ya wiki nzima kwa sekunde kumi.

Kuna jambo jingine ambalo sina raha nalo. Flaneli ina vinyweleo, na vinyweleo hivyo hushika moto upesi. Smoki nayo inaleta gauni pana chini. Uingereza wana kanuni za mwaka 1985 zinazotaka magauni ya kulalia ya watoto yapite jaribio la kuungua. Sisi tuna jiko la mkaa katikati ya chumba na mtoto anaota moto kabla ya kulala. Nimepunguza upana wa chini, pindo naliishia juu ya kifundo cha mguu, mikono naifunga kwenye kiwiko cha mkono isining'inie, na mzazi akisema nyumbani kuna jiko namshauri achukue bafta na kumvalisha mtoto suruali ndani. Wengine wanachukua flaneli vilevile, na mimi naishona. Sijui kama nafanya vema.

Na lastiki, ili niitendee haki. Inafaa kwa gauni la kuvaliwa msimu mmoja miwili. Inakufa kwa sababu ni mpira, na mpira hauwezi joto la pasi, jua la kamba ya nguo, wala mafuta. Mtoto tunampaka mafuta kuanzia utosini hadi nyayo kila jioni, kisha tunamvalisha gauni lenye mpira shingoni. Baada ya hapo tunamlaumu muuza uzi. Mimi mwenyewe kwenye mikono ya gauni la mtoto anayekua haraka naweka lastiki pana ndani ya bomba la kitambaa, kwa sababu ikifa naichomoa na kuweka nyingine bila kugusa kazi. Mnaweza kuniita mnafiki.

Lile gauni la bibi nilianza kwa kufumua mistari minne ya lastiki. Kazi mbaya, kitambaa cha umri huo kinachanika ukikikoholea. Lakini kikunjo kilichokaa miaka mingi kinaacha alama, na matundu ya sindano ya bibi yalikuwa bado yanaonekana ukilishika gauni dhidi ya dirisha. Sikuhitaji nukta hata moja. Nikapiga bandi kwenye alama zake, nikafuata matundu: kebo, wimbi, wimbi, sega. Nilipofika begani kushoto nikakuta wimbi moja limechukua vikunjo vitano badala ya vinne, na baada yake pambo zima limesogea hadi mgongoni, mwisho wake haulingani na upande wa pili. Nilihesabu mara tatu nikidhani ni macho yangu. Alikosea, akaendelea. Nikaliacha kosa lake lilivyo.

Mwenyewe hajaja kulichukua. Linaning'inia mlangoni, na tangu asubuhi watu wawili wameshalivuta shingo.