Mgeni akija, si lazima mwenyeji akose kazi

Hii stori ya kwamba mgeni akiingia tu nchini basi mwenyeji mmoja anakosa kazi, watu wanaiamini toka zamani, kama vile kazi ni mkate mmoja, huyu akikata yule analala njaa. Sasa cheki Miami mwaka 1980, ndani ya miezi michache Wacuba kama 125,000 walivuka bahari kwa maboti kutoka bandari ya Mariel, karibu nusu yao wakabaki hapohapo mjini na nguvukazi ikapanda karibu asilimia 7, ghafla tu. Mchumi David Card akapiga hesabu, akachapisha 1990: mishahara na ajira za wenyeji karibu hazikutikisika. Mgeni naye anakula, anapanga chumba, ananyoa nywele, kwa hiyo anazalisha kazi pia. Mchumi mwenzake George Borjas akaja kubisha baadaye, akasema wale wasiomaliza sekondari mishahara yao ilishuka, na hawajamalizana hadi leo (wachumi bwana!), ila ubishi wao ni wa hilo kundi dogo. Halafu hela wahamiaji wanazotuma makwao, ada na dawa za mama, kwa nchi maskini na za kati zinapita misaada ya nje kwa mbali, hiyo mbona haihesabiwagi?