Uthabiti wa Moyo: Maana Yake kwa Mume na Baba Mkristo

Maneno "uthabiti wa moyo" yamo katika Warumi 5:4 kwenye Biblia ya Kiswahili ya Union, iliyotoka kamili mwaka 1952. Hapo Mtume Paulo anasema kwamba dhiki huleta saburi, saburi huleta uthabiti wa moyo, nao uthabiti wa moyo huleta tumaini. Msomaji wa haraka hudhani kwamba unaotajwa ni ushupavu, yaani mwanamume asiyetikisika wala kurudi nyuma katika kauli yake. Lakini neno la Kigiriki lililotafsiriwa hivyo, dokime, lina ukoo mmoja na neno lililotumika kwa madini na fedha zilizopimwa zikaonekana si bandia. Mwenye uthabiti wa moyo, basi, ni mtu aliyepimwa akaonekana kuwa ndiye. Neno hilo hilo linarudi katika Wafilipi 2:22, ambako Union imelitafsiri "sifa": Wafilipi waliijua sifa ya Timotheo kwa kuwa alitumika pamoja na Paulo kama mwana na baba yake. Sifa ya namna hiyo mtu hajipi mwenyewe. Hupewa na waliomwona akiwa kazini.

Hapo ndipo dhana hii inapomfikia mume na baba. Washarika wenzake humwona saa chache kwa wiki, akiwa amejiandaa kuonekana, ilhali mkewe na watoto humwona akiwa na njaa, akiwa ameishiwa fedha, au akiwa amekosea na hataki kukiri. Ndiyo maana 1 Timotheo 3, inapoorodhesha sifa za askofu, inauliza mtu asiyejua kuisimamia nyumba yake atalitunzaje Kanisa la Mungu. Wengi huusoma mstari huo kama hoja ya utiifu wa watoto, na sikatai kwamba hilo limo. Ila naona uzito wake uko kwa baba mwenyewe, ambaye mashahidi wake wa karibu wanalala chini ya paa moja naye.

Daudi ni mfano mchungu. Alimkabili Goliathi mbele ya majeshi mawili, lakini mwanawe Amnoni alipomtenda ubaya dada yake Tamari, Biblia inasema tu kwamba mfalme alighadhibika sana, na hatuoni hatua yoyote aliyochukua. Miaka 2 baadaye Absalomu, mwana mwingine wa Daudi na ndugu yake Tamari, akaagiza Amnoni auawe. Kuhusu Adonia, naye mwana wa Daudi, 1 Wafalme 1:6 inasema kwamba baba yake hakuwahi kumchukiza kwa kumuuliza, "Mbona umefanya hivi?" Ujasiri wa vitani Daudi alikuwa nao tele, ila swali hilo fupi lilimshinda.

Kuna matumizi mabaya ya dhana hii ambayo sina budi kuyataja. Wapo wanaouita uthabiti ukali wao wenyewe, na wapo wanaomhubiria mke kwamba dhiki anayoletewa na mumewe ni shule ya saburi. Orodha ile ile ya 1 Timotheo inamkataa mpiga watu na kudai mtu mpole, na Wakolosai 3:21 inawaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao, wasije wakakata tamaa.

Jambo linalosahaulika zaidi ni mahali Paulo anapoanzia. Sura ya 5 inafunguliwa na mtu ambaye amekwisha kuhesabiwa haki kwa imani na ana amani kwa Mungu; dhiki na saburi vinafuata baadaye. Kipimo hicho hakimtafutii kibali cha Mungu, kwa kuwa kibali anacho tayari, na kwa sababu hiyo anaweza kukubali kwamba amekosa bila kuona kwamba heshima yake yote imebomoka.

Tuchukue jambo dogo. Baba anarudi jioni amechoka, anakuta karatasi zake za kazi zimelowa, naye anamkaripia binti yake mbele ya nduguze kwa kumwaga maji mezani. Baadaye mkewe anamwambia kwa upole, "Baba Neema, dirisha uliliacha wazi wewe mwenyewe, mvua ikaingia." Njia za kukwepa ziko nyingi: kunyamaza hadi kesho, kusingizia uchovu, au kumletea mtoto zawadi bila kueleza ni ya nini. Njia ya uthabiti ni kwenda alipo mtoto, kuketi usawa wake mbele ya wale wale waliosikia karipio, na kusema, "Neema, nimekukaripia bure. Kosa lilikuwa langu. Nisamehe, mwanangu." Huenda Neema asijibu, akaendelea kuchora picha yake. Baba naye atakaa hapo kidogo na kuuvumilia ukimya huo, bila kuongeza neno "lakini".