Magnesiamu ya kumeza haizuii uchungu wa mapema

Jamani wamama wa Tanga, hili swali tunaulizwa sana kliniki, hasa na yule ambae mimba iliyopita alizaa njiti, shosti anamwambia nenda duka la dawa kanunue kopo la vidonge vya madini ya magnesiamu umeze kila siku uchungu hautakuja kabla ya muda. Hautazuilika kwa hivyo vidonge. Vimeshajaribiwa kwa wamama ambao uchungu uliwaanza mapema ukatulizwa, wakaendelea kumeza, na haikuonekana kama vinapunguza kuzaa kabla ya wiki 37. Kinachokuja mara nyingi ni kuharisha, na kuharisha na mimba kwenye joto letu hili mnalijua wenyewe.

Mkanganyiko unatoka wapi? Hospitali kweli tunatumia magnesiamu, ila ile ni magnesiamu salfeti ya sindano au dripu, anapewa mama mwenye kifafa cha mimba, au anaeelekea kuzaa kabla ya wiki 32 ili kukinga ubongo wa mtoto, sio kusimamisha uchungu. Na ukiwekewa hatukuachi peke yako, nesi anahesabu pumzi zako, anagonga goti aone kama mguu unaruka, anaangalia mkojo unatoka kiasi gani, maana ikizidi inaweza kukata pumzi. Sasa dawa ya namna hiyo utaiga vipi nyumbani?

Kalsiamu ni habari nyingine. Shirika la Afya Duniani linashauri gramu 1.5 hadi 2 kwa siku kwa wajawazito wa sehemu ambazo chakula hakina kalsiamu ya kutosha, lengo ni kuzuia kifafa cha mimba, na kifafa chenyewe ndo kinatulazimisha saa nyingine kumtoa mtoto mapema. Muulize nesi kabla hujaanza, alafu usiimeze pamoja na vidonge vya damu, achanisha masaa kadhaa. Udongo wa kula sio madini, acheni.

Ukiwa hujafika wiki 37 ukaona tumbo linakaza na kuachia kwa mpangilio, kiuno kinauma, maji au damu inatoka, usikae kusikilizia mpaka asubuhi. Ile sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto, kati ya wiki 24 na 34, inahitaji masaa ndo ifanye kazi. Uko Pongwe au Tongoni, anzia kituo cha karibu wakupe rufaa ya hospitali ya Bombo, na taja kila dawa unayokunywa, hata ya mitishamba.