Je, wajua kwa nini mdomo hukauka ilhali tezi za mate bado zina uhai?

Ukitazama kwa hadubini kipande cha tezi ya mate kilichotolewa kwenye mdomo wa mgonjwa wa Sjögren, ugonjwa wa kinga unaokausha mdomo na macho, huenda ukashangaa. Mgonjwa mwenyewe analalamika kwamba chakula kikavu hakiteremki bila maji, ulimi unagandamana na kaakaa, na usiku anaamka mara kadhaa kunywa. Ungetarajia kukuta tezi iliyokwisha kuharibika. Badala yake, mara nyingi vishada vya seli zinazotoa mate vipo, vingi vikiwa vizima, na hapa na pale tu kuna rundo la seli nyeupe za damu lililouzunguka mfereji wa kupitishia mate. Basi mate yamekwama wapi?

Utafiti wa miongo kadhaa unaelekea kwenye jibu moja: tezi hunyamazishwa muda mrefu kabla ya kuuawa. Jambo hilo hubadilisha namna ya kupima ugonjwa na namna ya kuutibu.

Ugonjwa wenyewe ni ule wa kinga ya mwili kuugeukia mwili, na shabaha yake kuu ni tezi za mate na za machozi. Mwaka 1933 daktari wa macho wa Sweden, Henrik Sjögren, alieleza wanawake 19 waliokuwa na ukavu wa macho. 13 kati yao walikuwa pia na ugonjwa wa viungo. Hadi leo wanawake ndio wengi mno, takriban 9 kwa kila mwanamume 1.

Ili kuelewa kunyamazishwa huko, tuanze na tezi yenye afya. Mishipa ya fahamu humwaga asetilikolini, nayo hunasa kwenye kipokezi kiitwacho M3 juu ya seli ya kishada. Ndani ya seli kalsiamu hupanda, milango ya kloridi hufunguka upande unaoelekea mferejini, sodiamu hufuata kloridi, na maji hufuata chumvi hizo. Sehemu kubwa ya maji hupita kwenye protini iitwayo akwaporini 5. Familia hii ya milango ya maji ndiyo iliyompa Peter Agre Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2003. Mate yakishaingia mferejini, seli za mfereji hufyonza sodiamu na kloridi bila kuyafuatisha maji, kwa hiyo yanayofika mdomoni hayana chumvi nyingi. Kwa wagonjwa wa Sjögren sodiamu kwenye mate huwa juu kuliko kawaida, dalili kwamba hata mifereji haifanyi kazi yake sawasawa.

Na mifereji ndiko mambo yanakoanzia. Seli nyeupe hukusanyika kwanza kuizunguka, hazivamii vishada moja kwa moja. Seli za kuta za mifereji nazo si waathirika tu: huzalisha kemikali za kuita seli za kinga, huzionyesha vipande vya protini za seli kama Ro na La, na hutoa kichocheo kiitwacho BAFF kinachozirefushia maisha seli B, yaani zile zinazozaa kingamwili. Ndiyo maana mtafiti wa Ugiriki, Haralampos Moutsopoulos, alipendekeza mwaka 1994 kwamba ugonjwa huu uitwe uvimbe wa epitheliamu (tabaka la seli za kuta) unaoletwa na kinga kuugeukia mwili. Marundo yakiwa madogo, seli T aina ya CD4, kundi jingine la seli nyeupe, ndizo nyingi. Yakikua, seli B hutawala.

Sasa tuje kwenye ushahidi wa kunyamazishwa. Watafiti walichukua seli za vishada kutoka midomo ya wagonjwa na kuzichochea kwa asetilikolini maabara. Seli ziliitikia, kalsiamu ikapanda, ila zilihitaji dozi kubwa kuliko seli za watu wenye afya. Ushahidi ninaouona una nguvu zaidi ni wa panya. Kuna panya wa jamii ya NOD ambao hupata marundo ya seli nyeupe kwenye tezi na kukaukiwa mate. Walipobadilishwa vinasaba wasiwe na seli B, marundo yaliendelea kuwepo lakini mate hayakupungua. Mwaka 1998 panya hao walidungwa kingamwili za aina ya IgG kutoka kwa wagonjwa wa Sjögren, na mate yao yakashuka. Yaani ukavu uliletwa na kitu kilichomo kwenye damu, si na marundo peke yake. Anayeshukiwa zaidi ni kingamwili inayoziba kipokezi M3, ingawa kuipima kwa vipimo vya kawaida vya maabara kumekuwa kugumu na matokeo yamekuwa yakipishana. Hadithi ya akwaporini 5 nayo haijatulia: maabara moja iliikuta imehama kutoka mahali pake kwenye seli, nyingine ikaikuta imetulia palepale.

Kwa kuwa wingi wa marundo na kiasi cha mate haviendi sambamba, vyote viwili hupimwa, kila kimoja kivyake.

Mate yasiyochochewa hupimwa asubuhi. Anayepimwa hali, hanywi, havuti sigara wala hapigi mswaki kwa dakika 90 kabla. Hukaa wima, kichwa kimeinama kidogo, humeza mara moja kisha huacha mate yadondoke yenyewe kwenye kichupa kilichokwisha kupimwa uzito. Baada ya dakika 15 kichupa hupimwa tena, gramu 1 ikihesabiwa mililita 1. Tuseme kilikuwa gramu 12.4 na sasa ni 13.6: mate ni mililita 1.2, sawa na 0.08 kwa dakika. Kikomo ni 0.1, mtu wa kawaida hutoa kama 0.3 hadi 0.4. Kosa la kawaida ni kumwacha mtu azungumze au atafune ulimi, maana hapo mate yanakuwa yamechochewa. Inafaa kujua pia kwamba mtu huanza kuhisi ukavu mate yake yakishapungua kwa karibu nusu ya kiwango chake mwenyewe, kwa hiyo mtu anaweza kuhisi ukavu huku kipimo bado kiko juu ya kikomo.

Kwa upande wa marundo, wengi huuliza mbona kipande hukatwa mdomoni ilhali inayovimba ni tezi ya shavuni. Sababu ni kwamba ndani ya tezi hiyo ya shavuni, iitwayo parotidi, hupita mshipa wa fahamu unaoendesha misuli ya uso, lakini midomo ina tezi ndogondogo karibu na ngozi laini ya ndani, nazo hupata ugonjwa uleule. Mdomo wa chini hugeuzwa nje na kudungwa ganzi, kisha mkato wa sentimita 1 hadi 1.5 hufanywa kwenye ngozi inayoonekana nzima, kati ya mstari wa katikati na pembe ya mdomo. Mkato usiende kina. Tezi hujitokeza zenyewe kama shanga, na hutolewa moja moja kwa kuzitenganisha taratibu na nyuzi nyeupe za mshipa wa fahamu wa kidevu. Uzi huo ukiguswa, sehemu ya mdomo hufa ganzi. Kwa wengi huisha, kwa wachache hubaki. Zinatakiwa angalau tezi 4, zenye jumla ya eneo la milimita za mraba 8 au zaidi.

Rundo moja ni limfosaiti, yaani seli nyeupe kama hizo T na B, 50 au zaidi zilizokusanyika pamoja kando ya vishada vizima. Idadi ya marundo huzidishwa kwa 4 na kugawanywa kwa eneo lote la tezi: marundo 3 katika milimita za mraba 10 hutoa 1.2. Kuanzia 1 kwenda juu, kipimo kinaunga mkono Sjögren. Hapa ndipo makosa hujaa. Umri huleta seli nyeupe na makovu kwenye tezi bila ugonjwa wowote, na marundo yaliyo katikati ya makovu hayo hayahesabiwi. Sigara hushusha idadi ya marundo. Ripoti isiyotaja eneo la tezi haina maana kubwa, kwani hesabu haiwezi kurudiwa.

Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2016 hutoa alama 3 kwa kipande cha mdomo kilichofikia kiwango hicho, alama 3 kwa kingamwili inayolenga Ro kwenye damu, na alama 1 kwa kila kimoja cha vipimo viwili vya macho na kile cha mate. Zikifika 4, mtu huainishwa kuwa na Sjögren, mradi homa ya ini C, mionzi ya kichwani na magonjwa mengine yanayofanana yameondolewa. Asiye na kingamwili hiyo ya Ro hawezi kufika 4 bila mdomo wake kupimwa. Hadubini pia huonyesha hatari: marundo yakijipanga kama tezi ndogo za limfu, huko ndiko saratani ya limfu inaweza kuota, hasa kwenye parotidi. Uvimbe wa shavu unaogoma kuisha, mgumu na wa upande mmoja, usisubirishwe.

Katika tiba, kunyamazishwa ni habari njema kiasi. Pilokapini, miligramu 5 mara nne kwa siku, huchochea vipokezi vya M3 vilivyobaki. Hutoa jasho jingi na haifai kwa mwenye pumu isiyodhibitiwa au presha ya jicho ya pembe finyu. Palipobaki makovu matupu haina cha kuchochea. Rituksimabu, inayoua seli B, ilitarajiwa kumaliza mzizi wenyewe, lakini majaribio makubwa ya Ufaransa na Uingereza hayakufikia malengo yake makuu. Maelezo mojawapo ni kwamba BAFF hupanda seli B zinapoondolewa, na zile zinazorudi hukuta chakula kimeandaliwa.

Kuna waliochagua kukwepa vishada kabisa. Katika jaribio lililochapishwa 2012 nchini Marekani, Bruce Baum na wenzake waliingiza kinasaba cha akwaporini 1 kupitia tundu la mfereji wa parotidi kwa watu 11 waliokaushwa mdomo na mionzi ya tiba ya saratani. Lengo lilikuwa kuzipa seli za mfereji, ambazo kwa kawaida hazipitishi maji, mlango wa kuyapitisha. Watu 6 kati yao waliongezeka mate, na 5 kati ya hao 6 walihisi nafuu. Kwa Sjögren njia hiyo ina kikwazo cha ziada: mionzi ilikuwa imekwisha kupita, ila kinga iliyokasirika bado imekaa palepale kando ya mfereji.