Mshono ni kazi ndogo: nakshi zinazojirudia kwenye Krita

Wengi wanaoanza kuchora vigae vya mandharinyuma, zile picha ndogo zinazojirudia nyuma ya ukurasa wa tovuti, huhangaika na mshono, yaani ule mstari unaoonekana kigae kinapokutana na nakala yake. Kwenye Krita, programu ya kuchora kwa kompyuta, bonyeza W tu. Turubai linaanza kujirudia pande zote, na brashi inayotokea ukingo wa kulia inaingilia kushoto hapo hapo. Wanaotumia GIMP, programu nyingine ya picha, watumie amri ya Offset, Shift+Ctrl+O: sogeza tabaka nusu ya upana na nusu ya urefu, kingo zote zije kukutana katikati, halafu uzipake upya. Ndiyo maana napenda vipimo vinavyogawanyika kwa mbili, kama 512 kwa 512.

Kazi yenyewe inaanzia hapo. Tuseme unachora korosho, zile za kwenye kanga, nyekundu juu ya rangi ya maziwa. Kwenye kioo cha 1920 kwa 1080, kigae cha pikseli 512 kinajirudia karibu mara nne kwa upana na mara mbili na kidogo kwa kimo. Korosho moja ikiwa na mkia mnene kuliko wenzake, au wekundu uliokolea zaidi, msomaji ataiona mara nane hivi, imepanga mstari. Hapo nakshi imeshaharibika hata kama mshono hauonekani kabisa.

Kwa hiyo mimi huanza na korosho kubwa, na huzipanda juu ya kingo kwanza. Katikati huja mwisho. Ukianza katikati, kingo hubaki tupu na utupu huo hugeuka vichochoro vilivyonyooka kutoka upande hadi upande. Kila korosho naigeuza kivyake, kisha naziba mianya kwa nukta za saizi mbili. Baada ya hapo napunguza ukuzaji (zoom) hadi asilimia 25, nikiwa bado kwenye W, na kukodoa macho. Brashi za rangi ya maji ndizo zinazoponza hapa: kona moja ikikolea kidogo tu, ukurasa mzima unapata mabaka.

Ukitaka safu zisionekane kirahisi, tumia mbinu ya wachora vitambaa ya kushusha nusu. Fungua turubai la 1024 kwa 512, chora korosho zako kwenye tabaka moja huku W ikiwa imewashwa, lakini acha nafasi ya kutosha. Nakili tabaka hilo, kisha nakala uisogeze kwa Offset: 512 kwa mlalo, 256 kwa wima. Zile zinazotoka chini zitaingilia juu, na kila safu wima itakaa nusu hatua chini ya jirani yake. Unganisha, jaza mianya, basi.

Kuna wanaotaka kanga nzima igeuzwe kigae. Haiwezekani kwa maana hiyo: pindo limezunguka, na jina, yaani yale maandishi ya kanga, lina mahali pake pamoja tu. Chukua vijimaua vya mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga, peke yake. Pindo, kama unalitaka, lichore kama ukanda wa kichwa cha tovuti. Matoleo ya karibuni ya Krita yanakuruhusu kurudia kwa mlalo peke yake, na kwenye CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa tovuti, unaandika repeat-x. Bila kuandika chochote, CSS hurudia pande zote mbili.

Sasa filta. W haikulindi na kila kitu. Ukiwekea kigae ukungu, programu inaweza kuhesabu kana kwamba nje ya ukingo hakuna kitu, na mshono ukarudi. Panga nakala tisa, tatu kwa tatu, upate turubai la 1536 kwa 1536. Weka ukungu, kisha kata kile cha katikati. Fanya vivyo hivyo unapopunguza ukubwa: punguza zote tisa hadi 768, kata 256 ya katikati.

Hifadhi kwa PNG. JPEG hugawa picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8, na kwenye rangi bapa kama hii huacha vumbi kando ya kila korosho. Na kama maandishi yatakaa juu yake, fifisha wekundu hadi uhisi umezidisha, kisha ujaribu kusoma aya nzima iliyowekwa juu ya kigae hicho kwenye simu, nje, juani.