"Fundi, Hii Levo Wameifunga": Yanayosemwa Kuhusu Gemu ya Chupa za Rangi, na Ukweli Wake

Jumanne iliyopita mama mmoja wa makamo aliketi kwenye benchi la kibanda changu, hapa jirani na stendi ya Msamvu, Morogoro. Simu yake ilikuwa inamaliza chaji kabla ya adhuhuri. Nilipokuwa nafungua mfuniko wa nyuma akanigusa bega: "Mwanangu, ukishamaliza hiyo betri nitazamie na hii gemu. Nimekwama siku ya tatu. Wameifunga."

Ilikuwa gemu ya chupa za rangi, ile ya kumimina mpaka kila chupa ibaki na rangi moja. Alikuwa ametazama matangazo ili apewe chupa ya ziada mpaka bando la wiki likakata kabla ya wiki kufika katikati. Na neno lile, "wameifunga", nilikuwa nalisikia kwa mara ya nne mwezi huu: kwa kijana wa bodaboda, kwa mwanafunzi wa chuo, kwa jirani yangu anayeuza matunda, na sasa kwa mama huyu. Kabla ya kushika bisibisi nilisomea kompyuta, na programu ya kwanza niliyoiandika bila kusimamiwa na mwalimu ilikuwa ya kutatua levo za gemu hii hii. Kwa hiyo naomba niandike mara moja, anayekuja na hoja hiyo nimwonyeshe hapa.

Hoja yenyewe inakwenda hivi. Wanakupa levo nyepesi mpaka unogewe, kisha wanatia moja isiyo na jibu, ndipo kitufe cha kuongeza chupa kinaanza kumetameta. Na ushahidi wa kila mtu ni ule ule: "Nilipoongeza chupa tu, ikakubali."

Ushahidi huo hauonyeshi kitu. Chupa ya ziada hurahisisha levo yoyote ile, yenye jibu na isiyo na jibu. Aliyejifungia chumbani akaletewa ngazi dirishani atatoka, sawa, lakini bado hatujajua kama ufunguo ulikuwa mfukoni mwake muda wote. Mara nyingi ulikuwemo.

Chukua vizibo vya soda au kalamu tatu za rangi, tujaribu levo ndogo niliyoipanga mwenyewe. Ina chupa nne, na kila moja inabeba tabaka nne. Nazitaja kutoka juu kwenda chini. Ya kwanza: njano, njano, bluu, kijani. Ya pili: bluu, kijani, kijani, njano. Ya tatu: kijani, bluu, bluu, njano. Ya nne tupu. Masharti ni yale yale ya siku zote: unamimina juu ya rangi inayofanana, au ndani ya chupa tupu.

Karibu kila ninayempa levo hii anaanza na njano mbili za chupa ya kwanza. Zinavutia kwa sababu ziko pamoja, na ukizitoa unafunua bluu. Basi zimimine kwenye chupa tupu. Sasa bluu ya chupa ya pili inakwenda juu ya bluu ya kwanza, na huna njia nyingine. Kijani ya tatu inakwenda juu ya kijani za pili. Hapo tena huna njia nyingine. Mpaka hapa unajisikia vizuri, kila kitu kinakubali. Tazama ulichobaki nacho: ya kwanza ina bluu mbili juu ya kijani, ya pili imejaa, kijani tatu juu ya njano, ya tatu ina bluu mbili juu ya njano, na ya nne ina njano mbili.

Umekwisha. Bluu ziko nne. Juu ya ile kijani ya chupa ya kwanza zinaenea tatu, na juu ya ile njano ya chupa ya tatu zinaenea tatu. Hata uzihamishe mchana kutwa, bluu moja itabaki imekalia upande mmoja, na kilicho chini yake hakitoki. Kijani hazina pa kwenda, njano hazina pa kwenda. Hapo ndipo watu husema levo imefungwa.

Rudi mwanzo. Safari hii chukua ile bluu moja tu iliyo juu ya chupa ya pili, uipeleke kwenye chupa tupu. Inaonekana ni ubadhirifu, chupa nzima kwa tabaka moja. Kisha kijani ya tatu juu ya kijani za pili. Bluu mbili za tatu zifuate mwenzao kwenye ya nne, na chupa ya tatu imebaki na njano peke yake. Mimina juu yake njano mbili za chupa ya kwanza. Bluu iliyofunuliwa hapo iende ya nne, na bluu zimetimia. Kijani tatu za chupa ya pili zihamie ya kwanza, kijani zimetimia. Njano iliyobaki iende kwa wenzake. Umemimina mara saba, na levo imekwisha bila tangazo hata moja.

Tofauti ya njia hizi mbili iko chini kabisa, mahali ambapo watu hawatazami. Njano mbili zilizosalia zilikuwa kwenye vitako vya chupa mbili tofauti. Ukiipa njano chupa tupu, chupa hiyo inakaa nusu mpaka ufukue chupa mbili nzima. Bluu nne zote zilikuwa zinafikika bila kugusa kitako chochote, kwa hiyo chupa tupu ikipewa bluu inajaa haraka, na wakati inajaa inakufungulia nyingine. Mimi humwambia kila mteja: soma vitako kwanza. Rangi iliyolala chini ina nyumba yake tayari, isubiri huko huko. Chupa tupu mpe ile ambayo wenzake wako karibu na juu.

Kwa haki, levo isiyo na jibu inaweza kuwepo. Ukizichanganya rangi ovyo ukabakiza chupa tupu mbili, mpangilio mwingine hautatuliki kabisa. Mtengenezaji makini ana njia mbili za kuepuka hilo. Anaweza kuanza na chupa zilizokwisha kupangwa, kisha kompyuta ikazivuruga kwa kwenda kinyumenyume, hatua kwa hatua, kwa hiyo njia ya kurudi ipo kwa hakika. Au anachanganya ovyo, kisha programu ya kutatua inajaribu kila mpangilio na kutupa usio na jibu. Programu yangu ya mwanafunzi iliweza kazi hiyo kwenye kompyuta kuukuu, nami sioni kwa nini kampuni ishindwe. Na kama jirani yako amevuka levo hiyo hiyo kwenye gemu hiyo hiyo bila chupa ya ziada, mjadala umefungwa.

Mwaka 2022 watafiti wa Japani walichapisha uchambuzi wa kihisabati wa michezo hii. Walithibitisha kwamba iko katika kundi la matatizo yanayoitwa NP-kamili. Maana yake, hakuna mpaka leo anayejua kanuni ya haraka ya kutatua kila levo ya ukubwa wowote ule. Mteja mmoja mwenye kusoma aliishika habari hiyo akanijia nayo: "Unaona? Wataalamu wenyewe wanasema haiwezekani." Hawakusema hivyo. Ugumu wanaouzungumzia ni wa chupa zikiongezeka bila kikomo. Levo ya chupa kumi na mbili kwenye simu yako kompyuta inaimaliza kufumba na kufumbua, na binadamu mwenye subira anaimaliza kabla chai haijapoa.

Katika uchambuzi huo huo kuna jawabu la ubishi mwingine wa kijiweni, kwamba gemu ya mipira, ile yenye mipira ya rangi badala ya maji, ni nyepesi kuliko ya maji kwa vile mpira unahama mmoja mmoja wakati maji yanakwenda yote kwa pamoja. Walionyesha kwamba mpangilio ukitatulika kwa mipira unatatulika kwa maji, na kinyume chake. Utahesabu hatua nyingi zaidi kwenye mipira, basi.

Nirudi kwa yule mama. Kilichonisikitisha kwake, kama kwa wengine, ni jinsi alivyotafuta kosa pale alipokwama. Anarudisha hatua moja, anajaribu upande mwingine, anakwama tena, anasema ameshajaribu zote. Lakini umeona kwenye mfano wetu: kosa lilikuwa mmimino wa kwanza kabisa, na iliyofuata yote ilikuwa ya lazima. Kwenye levo ya chupa kumi na mbili kosa linaweza kuwa hatua kumi na tano nyuma ya pale mkono uliposimama. Kurudisha hatua moja au mbili hapo hakukusaidii. Rudi nyuma mpaka pale ulipotumia chupa tupu ya mwisho, kisha ujiulize kwa nini uliipa rangi ile. Kama programu yako hairuhusu kurudi mbali hivyo, anza upya. Haikupunguzii kitu, na mpangilio unakuwa ule ule. Wapo wanaoona kurudisha hatua ni wizi. Si wizi, ni kufikiri kwa mkono, na kila anayetatua mafumbo kwa dhati hufanya hivyo.

Betri yake ilipokwisha kukaa nilimbonyezea mama kitufe cha kuanza upya, nikamwomba anisomee rangi za chini tu, nami nikaendelea na simu ya mteja mwingine. Akazisoma kwa sauti. Alipogundua kwamba damu ya mzee tatu kati ya nne zilikuwa kwenye vitako alinyamaza kidogo, akasema, "Kumbe hii ndiyo niliyokuwa naipa chupa." Nilipofunga skrubu ya mwisho alikuwa ameshavuka.

Wengine husema, "Ikikubali kumimina, mimina." Hapana. Kukubali ni sharti la gemu tu, hakukuambii kwamba ni busara. Mmimino usio na hasara ni ule unaokamilisha rangi, au unaoacha chupa nzima wazi. Iliyobaki ina gharama, na uijue kabla hujaigusa simu.

Kuna wanaoniomba niifute gemu na kuirudisha ili levo ibadilike. Levo nyingi zimepangwa kwa namba ndani ya programu yenyewe, kwa hiyo utaikuta pale pale ulipoiacha, na mara nyingi utakuwa umepoteza maendeleo yako yote na kuanza na levo ya kwanza. Mteja akilia kwangu baada ya kufanya hivyo sina dawa ya kumpa.

Video za majibu nazo zinapoteza watu. Namba ya levo haimaanishi kitu nje ya gemu yake. Gemu za aina hii ziko nyingi mno, zinafanana majina na picha, na levo ya 117 ya moja si levo ya 117 ya nyingine. Linganisha chupa ya kwanza kabisa kwenye video na ya kwako. Zikitofautiana rangi, funga video, okoa bando. Kwenye levo zenye alama za kuuliza, ambazo rangi za chini zimefichwa, jaribio la kwanza lichukulie ni la upelelezi: fukua, andika ulichokiona kwenye karatasi, kisha anza upya ukiwa unajua vitako.

Wazazi wananiuliza kama inaongeza akili ya mtoto. Inamfanya awe hodari wa kupanga chupa. Zaidi ya hapo kuweni waangalifu na ahadi. Mwaka 2016 nchini Marekani kampuni ya Lumos Labs, wenye programu ya mazoezi ya ubongo iitwayo Lumosity, ilikubali kulipa dola milioni 2 baada ya tume ya biashara ya nchi hiyo kuishitaki kwa matangazo yaliyodai kusaidia shuleni, kazini, na dhidi ya kupungua kwa kumbukumbu uzeeni. Mtoto akicheza nusu saa akafurahi, inatosha kuwa sababu.

Na kuna wanaokwama wakiwa hawana kosa lolote la kufikiri, maana kinachowadanganya ni macho au kioo. Kioo cha kopi cha bei ya chini hakionyeshi rangi kama kile kilichotoka na simu, na hilo nalisema mapema kwa kila anayenunua kwangu. Upungufu wa kutofautisha rangi upo pia, kwa wanaume zaidi kuliko wanawake, kwa kuwa vinasaba vyake vya kawaida viko kwenye kromosomu ya X. Wengi hawajui kama wanao. Tafuta kwenye mipangilio ya gemu kama kuna alama au maumbo yanayowekwa juu ya rangi, uyawashe. Yule kijana wa bodaboda aliapa kwamba gemu inamkatalia kumimina kijani juu ya kijani, akataka nibadilishe kioo, na pesa alikuwa nayo mkononi. Niliteremsha pazia la juu la simu, nikakuta mwanga wa usiku umewashwa, ule unaotia skrini rangi ya chungwa ili macho yasiumie. Nilipouzima, kijani moja ikageuka bluu bahari mbele ya macho yake. Simu haikuwa na ugonjwa wowote, na sikumtoza kitu.