Damu ya mbwa kugeuzwa seli shina: yanayosemwa na yaliyopo

Wengi wakisikia kwamba seli za damu ya mbwa zaweza kurudishwa nyuma ziwe seli shina, yaani seli changa zenye uwezo wa kuwa tishu za kila namna, hufikiria seli nyekundu. Siyo hizo. Seli nyekundu za mamalia, mbwa akiwemo, zikikomaa hutupa kiini chake, na pasipo kiini hakuna DNA ya kurudishwa nyuma. Zinazotumika ni seli nyeupe, ambazo hutenganishwa kwa kuizungusha damu kwa kasi.

Wengine hudai kwamba ili kupata seli shina lazima kiinitete kiharibiwe. Dai hilo lilikuwa na uzito zamani. Mwaka 2006 watafiti Shinya Yamanaka na Kazutoshi Takahashi, huko Kyoto, Japani, walionyesha kuwa jeni nne tu (Oct3/4, Sox2, Klf4 na c-Myc) zatosha kuirudisha seli ya panya iliyokwisha komaa katika hali ya uchanga. Kwa mbwa, basi, yatosha kutoa damu kidogo kwenye mshipa.

Neno “virusi” nalo huwatia watu hofu, maana mara nyingi ndivyo vinavyobeba jeni hizo. Hofu yenyewe si ya bure: retrovirusi za mwanzo zilijichomeka ndani ya DNA ya seli, na c-Myc inahusishwa na saratani. Ndiyo sababu watafiti wengi wamehamia virusi vya Sendai, ambavyo jeni zake ni za RNA (molekuli iliyo jamaa ya DNA), haviingii kwenye kiini, na hufifia kadiri seli zinavyogawanyika.

Na hapana, huku si kuzalisha nakala ya mbwa. Snuppy, mbwa wa nakala aliyezaliwa Korea Kusini mwaka 2005, alipatikana kwa kupandikiza kiini cha seli ndani ya yai; hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Dhana inayonikera zaidi ni kwamba seli hizi ni dawa ya kudunga. Zikiingizwa mwilini zikiwa bado changa, zinaweza kuota uvimbe uitwao teratoma. Watafiti huzidunga panya wa maabara makusudi, ili uvimbe huo uthibitishe kuwa seli zina uwezo wa kuwa tishu za kila namna. Zile ambazo baadhi ya kliniki hudunga kwenye viungo vya mbwa wenye baridi yabisi ni seli za aina nyingine, zinazotolewa kwenye mafuta au uboho.

Faida kubwa kwa sasa iko maabara. Chukua Doberman, jamii ya mbwa inayosumbuliwa sana na ugonjwa wa kutanuka kwa moyo. Seli zake za damu zikirudishwa uchanga kisha zikaelekezwa kuwa misuli ya moyo, daktari wa mifugo anaweza kuitazama ikidunda kwenye kisahani na kuijaribia dawa, mbwa mwenyewe akiwa amelala nyumbani.